Daktari wa mbwa na paka jijini Tanga, na jinsi ya kujipanga na gharama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu wa Ngamiani, Makorora, Sahare, Kange na Pongwe, na wengine hupiga simu kutoka Muheza na Pangani. Wengi wana mbwa wa ulinzi au paka wa ndani, wachache wana sungura au kasuku. Karibu wote huuliza mnyama akiwa keshalala chini, hali wala maji hanywi. Swali lilelile lingeulizwa mwezi mmoja kabla, jibu lake lingekuwa jepesi na pesa ingetoka kidogo. Ndiyo maana tunaomba usome haya mnyama wako akiwa bado mzima.

Hivi Tanga kuna daktari wa mbwa na paka, au wote ni wa ng'ombe?

Wapo, ila uelewe kwanza mji wenyewe. Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa. Kazi nyingi ya wataalamu wa mifugo hapa ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, kutibu ugonjwa wa kiwele na homa za kupe. Daktari wa veterinari amesomea wanyama wote, mbwa na paka wakiwemo, kwa hiyo usimdharau kwa sababu umemkuta na mabuti ya zizini. Kuchanja, kutoa minyoo, kutibu kidonda au kuharisha, atakufanyia vizuri.

Tofauti huja kwenye mazoea na vifaa. Kumlaza paka usingizi kwa ajili ya upasuaji si sawa na kumchoma ganzi ng'ombe aliyesimama. Muulize waziwazi: mbwa na paka unawaona mara ngapi? Upasuaji unafanyia wapi, na nani anakusaidia? Anayefanya kazi hiyo kweli hatachukia kuulizwa, na asiyeifanya atakuelekeza kwa mwenzake.

Nianzie wapi kumtafuta?

Anzia ofisi ya kata au serikali ya mtaa wako, uombe namba ya afisa mifugo wa kata. Watu wengi wana miaka mtaani na hawajui kwamba yupo. Hata kama yeye hatibu mbwa, anajua nani anatibu, nani ana kibali, na lini chanjo ya kichaa cha mbwa inapita kwenu. Juu yake yuko daktari wa mifugo wa Halmashauri ya Jiji.

Maduka ya dawa za mifugo nayo ni mahali pazuri pa kuulizia, maana madaktari wa binafsi hununua dawa huko huko. Usisahau kwamba Tanga ina bahati ambayo mikoa mingi haina: kampasi ya Buhuri ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, iko hapahapa, na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, nao una kituo jijini. Maana yake ni kwamba watu waliosomea wanyama wako karibu nawe kuliko unavyodhani.

Kisha uliza majirani wenye mbwa, lakini usiwaulize tu kama daktari ni mzuri. Waulize: "Mbwa wako alipozidiwa usiku, alipokea simu?" Jibu la hilo ndilo linalokufaa.

Nitajuaje kama huyu ni daktari kweli?

Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na chombo kinachosajili ni Baraza la Veterinari Tanzania. Daktari wa veterinari ana shahada. Kwa waliosoma nchini mara nyingi ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, masomo ya miaka 5. Chini yake kuna wataalamu wasaidizi wenye stashahada au cheti, ambao mtaani huitwa bwana mifugo au bibi mifugo. Hawa nao hutambuliwa na Baraza, na hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Vituo vya huduma vinatakiwa kusajiliwa pia.

Bwana mifugo mwenye uzoefu ni mtu wa thamani sana. Mchanjie mbwa wako kwake bila wasiwasi. Lakini ikifika kufungua tumbo, kutoa kizazi au kuunga mfupa, mtake daktari aliyesajiliwa. Kuomba kuona namba ya usajili si utovu wa adabu. Sema tu: "Samahani daktari, naomba kuona usajili wako, nataka kuandika kwenye kadi ya mnyama." Mtu anayekataa katakata kuuonyesha, muage kwa heshima, utafute mwingine.

Siku ya kwanza niangalie nini?

Tazama mikono yake na chanjo yake. Chanjo huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8. Kama anakuja nyumbani, inapaswa kutoka kwenye deli au chupa yenye barafu, si kwenye mfuko wa suruali wala kwenye boksi la pikipiki lililochomwa na jua kutoka Kange. Chanjo ya mchanganyiko ya mbwa, yaani inayokinga magonjwa kadhaa kwa sindano moja, mara nyingi ni kichupa cha unga mkavu pamoja na kingine cha maji yake. Daktari huvichanganya mbele yako na kumchoma mbwa hapohapo. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Kichupa kikiwa na stika, ibanduliwe na kubandikwa kwenye kadi ya chanjo, kisha daktari aandike tarehe, asaini na agonge muhuri.

Tazama pia kama anampima mnyama kabla ya kumdunga. Daktari makini atapima joto (mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39 na ushei), atainua mdomo na kubonyeza ufizi kwa kidole gumba. Ufizi mzuri huwa wa waridi. Ukibonyezwa hugeuka mweupe na rangi hurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Jifunze kufanya hivyo mwenyewe nyumbani. Mbwa mwenye homa ya kupe mara nyingi ufizi wake utakuwa umeshapauka kabla hujaona kwamba amekonda.

Chanjo ya serikali ni bure, kwa nini nilipie nyingine?

Kampeni za chanjo, nyingi zikiwa karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, huhusu kichaa cha mbwa peke yake. Usikose. Peleka mbwa na paka wote, na udai kadi.

Ila mbwa wadogo wa Tanga wanakufa kwa parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi, na hizo hazimo kwenye chanjo ya kampeni. Parvo inaumiza kuitazama: mtoto wa mbwa anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali, na siku chache baadaye amekwisha. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, ndiyo maana mtu anafiwa na mbwa, analeta mwingine ua uleule, naye anakufa. Chanjo ya mchanganyiko huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha hufuatwa na chanjo ya mwaka. Nyingi kati ya hizo zina kinga ya leptospirosisi pia, ule ugonjwa tuliouzoea kwa jina la homa ya mgunda, unaoenezwa na mkojo wa panya hasa maji yanapotuama wakati wa masika. Ya kichaa huchomwa kuanzia miezi 3.

Paka naye ana mchanganyiko wake, kuanzia wiki 8 hivi, pamoja na ya kichaa. Paka anayelala ndani mchana, usiku anajua mwenyewe anakopita.

Kwa mwaka nitenge shilingi ngapi?

Bei hutofautiana kati ya daktari na daktari, na kati ya mbwa wa kilo 8 na wa kilo 35, kwa sababu dawa hupimwa kwa uzito. Kwa hiyo chukua daftari upige hesabu ya mnyama wako mwenyewe. Mpime kwanza: panda kwenye mizani ya watu ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Andika kilo hizo.

Halafu pigia simu madaktari wawili au watatu na kila mmoja umuulize mambo yaleyale, ukitaja kilo: ya kumwona daktari, chanjo ya mchanganyiko, chanjo ya kichaa, dawa ya minyoo, dawa ya kupe na viroboto, kufunga uzazi, na nauli ya kuja kwako. Hilo la nauli watu hulisahau, na kwa mtu wa Pongwe au Mabokweni linaweza kuzidi bei ya dawa.

Gawa gharama mafungu matatu. La kwanza ni la mwaka wa kwanza, ambalo ndilo zito: chanjo za kurudiarudia, minyoo na kufunga uzazi. Mtoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kila wiki 2 tangu akiwa na wiki 2 mpaka wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na baada ya hapo kila miezi 3. Usione ni nyingi. Minyoo ya mbwa na paka huingia kwa watoto wetu wanaocheza mchangani pekupeku.

La pili ni la kila mwaka. Tuseme umejumlisha chanjo, minyoo, kupe na nauli ukapata shilingi 240,000. Gawa kwa 12: ni 20,000 kila mwezi. Ukiitoa siku ileile unayolipia umeme, haiumi. Ukiisubiri hadi mwezi wa chanjo, itakugombanisha na ada ya shule, na ada ndiyo itakayoshinda.

La tatu ni la dharura, na hapa ndipo wengi tunapoteza wanyama. Muulize daktari wako: "Mbwa wa kilo hizi akipata parvo, akawekewa dripu siku 4, huwa inafika kiasi gani?" Namba atakayokutajia ndiyo lengo lako. Si lazima uipate mwezi huu. Iweke kwenye kibubu, kwenye akiba ya simu, au kwenye upatu, bora isikae na pesa ya sokoni. Ukiitumia, anza kuijaza upya mwezi unaofuata.

Chakula kipigiwe hesabu yake peke yake. Mbwa wengi hapa hula ugali na dagaa au vichwa vya samaki, na wanakwenda vizuri kama dagaa wapo kweli na si harufu tu. Paka lazima ale nyama au samaki. Ugali na maziwa havimtoshi, na atapofuka au kupata ugonjwa wa moyo taratibu. Mifupa ya kuku iliyopikwa usiwape, huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, kinawaharibia damu wote wawili, kwa hiyo kabla ya kumwagia mchuzi uliobaki, kumbuka ulikaanga nini humo.

Naweza kupunguza gharama bila kumpunja mnyama?

Unaweza, na njia iliyo bora ni kuungana na majirani. Vichupa vingi vya chanjo ya kichaa cha mbwa vina dozi 10. Daktari akifungua kichupa kwa ajili ya mbwa mmoja, dozi tisa zimo hatarini kuharibika, na nauli yote ni yako. Mkijikusanya nyumba sita za mtaa mmoja siku moja, nauli inagawanyika na daktari mwenyewe ana sababu ya kukubali kupunguza. Barabara moja ya Ngamiani ina wanyama wa kutosha kujaza asubuhi nzima. Awepo mtu mmoja wa kuandika majina na kukusanya pesa mapema, na kila mnyama aje amefungwa kamba.

Jambo la pili ni kupe. Wachomoe kwa mkono kila jioni, hasa masikioni na katikati ya vidole, na usafishe banda. Homa ya kupe ikishaingia, vipimo na dawa vitakula fungu lako la miezi.

Nikinunua dawa dukani nikamchoma mwenyewe?

Dawa ya minyoo ya vidonge, kwa uzito sahihi na kwa maelekezo ya daktari, ndiyo. Sindano hapana. Kila mnyama akizubaa watu hukimbilia sindano ya oksitetrasaiklini. Hiyo ni dawa ya bakteria. Parvo na distempa ni virusi. Inasaidia baadhi ya homa za kupe, na hapo ndipo inapopata sifa, lakini ukiichoma bila kujua unatibu nini, umepoteza siku mbili ambazo mbwa hakuwa nazo.

Mambo matatu naomba uyashike. Usimpe paka Panadol, hata robo kidonge, inamuua. Usimwogeshe paka kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala usimpake dawa ya kupe ya mbwa. Nyingi ni sumu kwake, na atakapojilamba ataimeza. Na ivermektini, ile sindano ya minyoo na wadudu ya ng'ombe, ina nguvu kubwa mno, tone la kukadiria kwa jicho linaweza kumpofusha mbwa au kumtia degedege.

Dalili gani haziwezi kusubiri asubuhi?

Kutapika na kuharisha damu. Ufizi mweupe, au mkojo wa rangi ya kahawia. Tumbo kujaa ghafla kwa mbwa mkubwa. Paka dume anayekwenda kukojoa mara kwa mara na mkojo hautoki. Huyo ana saa chache, si siku. Jike anayesukuma kwa zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka. Degedege. Kula sumu ya panya, au panya aliyekufa kwa sumu, au bunju, samaki mwenye sumu, aliyetupwa ufukweni na wavuvi. Akitemewa sumu na nyoka swila machoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo, ndipo upige simu.

Jua la kaskazi nalo huua. Mbwa aliyefungwa mnyororo pasipo kivuli, akihema kwa nguvu na kuyumba, mwagie maji ya kawaida, mpepee, mpeleke. Maji ya barafu usitumie.

Kwa usafiri, dereva wa bajaji hukubali ukiongea naye vizuri na kutandika gunia. Paka mweke kwenye kikapu chenye mfuniko, ukifunge na khanga. Mbwa mwenye maumivu hata kama ni mpole mfunge mdomo kwa kitambaa laini, isipokuwa kama anatapika au anahema kwa shida.

Dharura imekuja na sina pesa. Nifanyeje?

Mwambie daktari kabla hajaanza kazi. Sema: "Daktari, nina elfu thelathini leo, nyingine Ijumaa. Tuanze na kipi?" Madaktari wengi watakupangia: kwanza maji na dawa ya maumivu, kipimo kimoja muhimu, mengine yafuate. Kinachowaumiza ni mtu anayeagiza kila kitu kisha anazima simu. Omba mchanganuo ulioandikwa: kumwona, kipimo, dawa, nauli, kila kimoja na bei yake, pamoja na risiti. Huduma ya ofisi ya serikali hulipiwa kwa kontrol namba. Pesa taslimu mkononi bila risiti usitoe.

Na kama daktari anakwambia hakuna matumaini, muulize kuhusu kumlaza usingizi wa mwisho, asiendelee kuteseka. Ni huduma halali na ya huruma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tusimwache mnyama ateseke bila sababu, na kumwacha siku tano nyuma ya nyumba "afe mwenyewe" ni kumtesa.

Kuna bima?

Bima za afya za familia hazigusi wanyama. Jipange kwa fungu la dharura.

Kufunga uzazi ni ghali. Kuna haja?

Ipo. Mimba ya mbwa au paka ni kama siku 63, na paka jike anaweza kubeba mimba hata hajafikisha miezi 6. Hesabu watoto wa mwaka mmoja, minyoo yao, chanjo zao, na wale utakaolazimika kuwabwaga sokoni. Upasuaji ni mara moja. Hata dume akihasiwa hupunguza kuzurura na kupigana, na huko ndiko wanakoleta majeraha na magonjwa. Kwa upasuaji wa jike omba daktari aliyesajiliwa, uulize dawa ya maumivu ya siku za baadaye imo kwenye bei au la. Tatizo kubwa lisilowezekana hapa, kama mfupa uliovunjika vibaya, daktari anaweza kukupa rufaa kwenda hospitali ya wanyama ya SUA Morogoro, kupitia Segera na Chalinze. Nauli hiyo nayo iwe kwenye hesabu yako.

Mimi ni Mwislamu, nina mbwa wa ulinzi na sipendi kumshika. Nitamhudumiaje?

Mweleze daktari tangu kwenye simu. Anakuja na msaidizi wa kumshika. Wewe vaa glavu, shika kamba. Masuala ya najisi na udhu muulize sheikh wako. Lakini kumlisha, kumnywesha na kumtibu ni juu yako uliyemfunga getini. Habari ya yule aliyeteka maji kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, wengi tuliisikia tukiwa wadogo madrasa.

Mbwa amemng'ata mtoto. Naanza na nini?

Mtoto kwanza. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kwa saa, si kwa kukadiria. Usipake majivu, mafuta ya taa wala kahawa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, Bombo au kituo kilicho karibu, hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikianza mapema na kumalizwa inazuia. Huchomwa kwa awamu, usiache katikati kwa kuwa kidonda kimekauka.

Mbwa usimuue na usimfukuze. Mfungie, mwarifu afisa mifugo, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi mateni alipong'ata. Akifa, maabara inahitaji kichwa chake, kwa hiyo asizikwe kabla mtaalamu hajafika, na mtu asimguse kwa mikono mitupu.

Nahamia Mombasa na paka wangu. Nahitaji nini?

Anza mwezi mmoja kabla, kwa daktari wa mifugo wa halmashauri. Utahitaji kadi yenye chanjo ya kichaa isiyopitwa na wakati, cheti cha afya na kibali cha kumtoa nchini, na upande wa Kenya nao wana kibali chao cha kuingiza. Kuna wakaguzi wa mifugo mpakani Horohoro. Kwenda Unguja au Pemba nako kuna vibali, usiende bandarini na kikapu tu. Beba nakala ya kila karatasi, na maji ya paka.